Rimu za Subaru kwenye Fielder: uzoefu wangu na ofseti na spesa, Nakuru

Gari ni Toyota Fielder NZE141. Ilikuja na rimu za chuma za inchi 15, zile za vifuniko vya plastiki ambavyo matuta ya barabara ya Njoro huvichukua kimoja kimoja. Nilitaka aloi za 17. Nakuru rimu za mtumba kutoka Japani hazikosekani, na nyingi za nati tano kwenye duara la milimita 100 zimetoka kwa Subaru Impreza. Fielder ya umri huu nayo inatumia duara hilohilo, kwa hiyo muuzaji akikuona anakwambia, "Mkubwa, mashimo ni yale yale, zitaingia tu." Kuingia zitaingia. Mimi nilitaka kujua zitakaa wapi.

Hapo ndipo ofseti inapokuja. Piga mstari katikati ya upana wa rimu, kisha pima kutoka mstari huo hadi sehemu inayogusa habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake. Umbali huo, kwa milimita, ndio ofseti; mara nyingi umeandikwa nyuma ya rimu, wakati mwingine baada ya herufi ET. Namba ikipanda, gurudumu linazama ndani kuelekea shokapu. Ikishuka, linatokeza nje kuelekea madigadi.

Rimu za chuma ni 6J, yaani upana wa inchi 6, ofseti 45. Za Subaru nilizozipenda ni 7J, ofseti 55. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande, halafu ofseti inavuta gurudumu zima ndani milimita 10. Ukijumlisha, ukingo wa ndani umesogelea shokapu kwa milimita 22.7, na wa nje umetoka 2.7 tu. Bado hujahesabu tumbo la tairi. Kwa tairi nilichagua 205/50R17, kwa sababu kimo chake kinapishana na cha 195/65R15 kwa milimita mbili hivi, na spidomita haidanganyi.

Nilimwomba fundi wa gereji afunge moja ya mbele kabla sijalipa. Hakupenda, lakini alipiga jeki. Tulipolizungusha gurudumu kwa mkono halikugusa kitu. Akachana kipande cha boksi la breki pedi, akakipenyeza kati ya tairi na shokapu; kikaingia nusu, kikabana. Nafasi hiyo ni ya gari lililosimama gereji. Likiwa na watu watano kwenye kona za Kericho, tairi inajipinda, na hapo itaparuza.

Nyuma hakukuwa na shida hiyo, nafasi ya ndani ni kubwa. Magurudumu yanaonekana yamejificha kama kobe, lakini hayo ni mambo ya macho.

Basi spesa za mbele, yaani vipande vinavyokaa kati ya habu na rimu ili gurudumu lisogee nje. Duka moja, si gereji iliyonihudumia, lilinitolea bapa nene ya kuvalishwa juu ya studi za gari, zile bolti za habu zinazoshika nati, yenye mashimo marefu ili ifae magari ya kila aina. Niliirudisha kaunta. Kwanza, haina kitu cha kuishika katikati ya habu. Pili, inakula studi. Hesabu ya mafundi ni kwamba nati ishike studi kwa urefu usiopungua unene wa studi yenyewe: studi za Toyota ni milimita 12, na nyuzi zake zimepishana milimita 1.5, kwa hiyo nati izunguke angalau mara nane kabla ya kukaza. Weka bapa la milimita 10 kwenye studi za kawaida uone unabaki na mizunguko mingapi.

Nilichonunua ni spesa za milimita 15 zenye studi zake. Yenyewe inafungwa kwenye habu kwa nati zake, halafu rimu inafungwa kwenye spesa. Tundu lake la ndani ni milimita 54.1, saizi ya habu ya Fielder, na shingo yake ya nje ni 56.1, saizi ya tundu la rimu za Subaru. Studi za gari zilichomoza kidogo kupita spesa, ila rimu hizi zina vishimo nyuma kati ya matundu ya nati, zikapata pa kukaa. Rimu yenye mgongo bapa isingekubali. Bei ya pea ilipita ya tairi moja ya mtumba, na sikulalamika.

Utasikia kila mahali kwamba spesa zinaua beringi. Beringi haijui spesa, inajua gurudumu limekaa umbali gani. Ofseti 55 ukiondoa 15 ni 40, na 40 ya spesa inabeba sawa na rimu iliyotoka kiwandani ikiwa 40. Nimetoka milimita tano tu nje ya kipimo cha Toyota. Wanaoua beringi ni wale wa kushuka hadi ofseti 15 au 10 ili tairi zichungulie nje ya bodi.

Nyuma palihitaji ringi za kujaza pengo la 54.1 na 56.1, ukuta wake milimita moja tu. Dukani hazikuwepo; fundi wa kuchonga vyuma alinitengenezea za aluminiamu. Bila ringi hizo nati ndizo zinazoliweka gurudumu katikati peke yake, na likikosea kidogo usukani na viti vinatetemeka ukifika 80 au 100, hata balansi ifanywe mara ngapi. Nati za Subaru usiziguse: nyuzi zake ni 1.25, ukizilazimisha zinaharibu studi. Zangu za rimu za chuma zina koni, zikafaa.

Barabarani, kati ya Salgaa na Mau Summit, usukani sasa unafuata mifereji iliyochimbwa na malori, jambo ambalo tairi za zamani za 195 hazikuwa nalo. Mashimo yanasikika zaidi pia, maana ukuta wa tairi umepungua milimita 24. Kona ni tamu. Ukikata usukani hadi mwisho ukirudi nyuma, tairi ilikuwa inagusa plastiki ya ndani ya madigadi. Fundi akaipasha moto akairudisha nyuma, kelele zikaisha. Nati nilizirudia kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 103 za Toyota, zikiwemo za spesa ambazo lazima uvue gurudumu ndipo uzione.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia ni spea. Tundu la spea ni 54.1, haliingii kwenye shingo ya 56.1. Ukipata pancha mbele, hamisha gurudumu la nyuma lije mbele, spea iende nyuma, na ringi uiweke mfukoni isipotee kwenye nyasi.

Huduma ya gereji naipa nne kwa tano. Moja nimeitoa kwa sababu walitaka kukaza nati za spesa kwa mashine ya upepo. Na wenye Axio na Fielder za 2012 kuja juu, seti hii si yenu, hizo zina nati nne.