Sinki la choo la vitufe viwili: maji linaokoa, ila lina masharti

Hapa kwetu Shangani, Mtwara, maji yakikatika kila ndoo ni mali, kwa hiyo sinki hili la kuflashi lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa kubwa nimelipenda kweli. Shida ni nguvu ya maji. Mtoto akibonyeza kitufe kidogo baada ya haja kubwa, uchafu unakwama kwenye kona ya bomba, na anayefuata akiflashi maji yanapanda hadi ukingoni. Hapo jamani usibonyeze tena! Funga koki ya ukutani, kisha chukua mpira wa kuzibulia, maji yaufunike, usukume na kuvuta bila kuunyanyua. Pedi na vitambaa, kwenye ndoo ya taka. Ukienda dukani, uliza sinki lenye njia pana ya kutolea uchafu.