Lancaster ya mbao: bawa tamu, bomu la ajabu

Aliyechonga bawa la ndege hii anajua kazi. Aliyebandika bomu hajui, na yule wa kujibu wateja kwenye WhatsApp hana haja ya kujua.

Niliagiza modeli ya Lancaster, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia: ile yenye herufi AJ-G, aliyoirusha rubani Guy Gibson, kamanda wa Skwadroni ya 617, usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1943, walipokwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani. Imechongwa kwa mkono, kipimo cha 1 kwa 72, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa sentimita 43. Bei ilikuwa juu ya Lancaster ya kawaida, na sababu niliyopewa ni bomu lake, lile la umbo la pipa lililodunda juu ya maji. Boksi limefika baada ya danadana za wiki kadhaa, nageuza ndege tumbo juu, nakuta pipa limelazwa kwa urefu, puani kwenda mkiani, kama mtungi wa gesi kwenye buti ya teksi.

Msiniambie ni kitu kidogo. Bomu lile lilikaa limekingama, limebanwa huku na huku na mikono ya chuma, na kabla ya kuachiwa lilizungushwa kinyumenyume kwa mkanda, mizunguko kama 500 kwa dakika, ndege ikiwa mita 18 tu juu ya maji. Ndivyo lilivyodunda na kuruka nyavu za kuzuia topido, likagonga ukuta wa bwawa, likazama huku limeugandama, na kulipuka mita 9 chini. Ukililaza kwa urefu litazunguka vipi? Litazunguka kama mshikaki. Barnes Wallis, mhandisi aliyelibuni, kaumiza kichwa na hesabu zile, fundi wetu kapaka gundi kabandika.

Nikawaandikia kwa adabu zote. Jibu: "Bosi, hiyo ni kazi ya mkono, haiwezi kufanana na picha." Nikatuma picha ya bomu lenyewe likiwa chini ya ndege. Jibu: "Sasa ulitaka ndege au ulitaka bomu?" Baada ya hapo ni tiki za bluu na kimya.

Hasira ndiyo iliyonifanya nichunguze zaidi. Mgongoni kuna mnara wa bunduki! Ndege za shambulio lile ziliondolewa mnara wa juu, na milango ya tumbo pia. Kwa hiyo walichukua Lancaster yao ya kila siku, wakaongeza kipande cha mpini wa fagio na herufi nyekundu ubavuni.

Lakini bawa, jamani. Bawa la Lancaster haliinuki kuanzia ubavuni. Kipande cha kati kiko tambarare mpaka kupita injini za ndani, ndipo linapanda kwa nyuzi kama 7. Wachongaji wengi hulikunja palepale kwenye mwili, na ndege inakaa kama kunguru anayetaka kuruka. Huyu kapatia, na kiungo hukioni hata ukipitisha kucha. Mapangaboi yote manne yanazunguka bila kukwaruza. Hapo nilikaribia kuwasamehe.

Kwa aliyekwisha kununua, pipa linarekebishika. Gundi yao ni ya aina ya araldite, ile ya kuchanganya mirija miwili. Ukichokonoa kwa bisibisi inang'oka na nyuzi za mbao. Pitisha drayer ya nywele dakika 3 hadi 5, ukiisogezasogeza rangi isitutumke, kisha lisokote pipa kwa vidole bila kulivuta. Asetoni usiisogeze, itakula vanishi. Pipa lao litupe, ni refu na jembamba mno. La kweli kwa kipimo hiki lina upana wa milimita 21 na kipenyo cha 18. Tumboni chimba kina cha milimita 8 kwa patasi, ila kata kwanza mipaka miwili ya kukingama nyuzi za mbao. Ukianza na urefu, ufa unakimbilia mkiani. Mikono ni waya wa shaba wa milimita 1.5 uliokunjwa V, mmoja kila upande: kona inaingia katikati ya uso wa pipa kwenye tobo la milimita 3, ncha mbili zinazama tumboni. Tobo lianzishe kwa ncha ya msumari, la sivyo keekee inateleza na pipa linaning'inia upande.

Mnara wa mgongoni sijaugusa. Kuziba kwa puti peke yake hakufai, inanywea ikikauka na duara linaonekana chini ya rangi. Panahitaji kizibo cha mbao ileile, nyuzi zikielekea mkiani.

Nilitaka kutoa nyota moja. Nikilitazama bawa natoa tatu. Nikikumbuka "ulitaka ndege au ulitaka bomu" narudi kwenye moja. Lancaster ya kawaida, bila pipa, labda ningeagiza kwao tena, nikilipa nusu mpaka wanitumie picha ya tumbo.