TAHADHARI: Hizi snokeli "za kiwandani" zinazouzwa Tanga ni bomba la choo

Habari za jioni wana Tanga, hasa nyie wenzangu wa pikapu za mashamba. Kuna jamaa anauza na kufunga snokeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa. Anasema ni za kiwandani, zimetoka Australia. Mkimwona mpiteni mbali. Mimi kanila laki nne na nusu, na injini juu yake.

Nina Hilux ya dizeli, injini ya aina ya 3L. Nabeba machungwa ya Muheza, na mara mojamoja naingia hadi Maramba. Masika ikishika, makorongo ya huko hayana adabu: asubuhi unavuka kwa miguu, saa tisa maji yako kwenye taa za gari. Ndiyo maana nikaitaka hiyo snokeli. Niliona picha kwenye statasi yake ya WhatsApp, tukapatana 450,000, akataka kwanza 300,000 ya "kutolea mzigo bandarini". Namba ya kutumia hela ikaleta jina la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni shemeji yake. Hapo ningeshtuka, lakini macho yalikuwa kwenye picha.

Akaja nyumbani na bajaji, drili na silikoni. Gereji hana. Akatoboa fenda tundu la inchi 3, akafunga, akapaka silikoni kila mahali, saa moja na nusu kazi imekwisha, nikammalizia hela yake. Kwa nje, yakhe, ilipendeza! Nyeusi tii, kichwa kimeelekea mbele. Watoto wa mtaani wakawa wanaiita gari ya jeshi.

Wiki ya tatu nikaingia korongoni. Maji usawa wa taa, gia namba moja, polepole, kama inavyotakiwa. Katikati injini ikagonga "ko!" mara moja, ikazima. Nikapiga stata mara mbili. Hilo kosa ni langu, msilirudie: gari ikizimia majini, usiguse stata mpaka fundi afungue nozeli na kuizungusha injini kwa mkono maji yatoke. Dizeli inabana hewa zaidi ya mara 20. Maji hayabaniki, kwa hiyo kinachopinda ni koneti rodi, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni. Yangu moja ilipinda, na oili ikawa rangi ya chai ya maziwa.

Sasa sikieni alichokuta fundi. Lile bomba halikuungwa popote. Limeingia ndani ya fenda, likaishia humohumo. Mdomo wa ea klina, yaani chujio la hewa ya injini, ulikuwa palepale ulipowekwa Japani, nyuma ya taa, unavuta hewa ya ndani ya fenda. Maji yalipofika hapo, ukavuta maji. Kumbe miezi yote ya vumbi ningeweza kutembea na lile pambo nisijue! Tukalisugua kwa petroli, rangi ikatoka, chini yake PVC ya kijivu, maandishi ya kipimo bado yanasomeka. Ile ya maji machafu.

Sisemi snokeli ya kujitengenezea ni mbaya. Rafiki yangu wa Mkinga kachomelea yake kwa bomba la chuma la inchi 3, kaiunga hadi kwenye ea klina kwa mpira mgumu na klipu mbilimbili kila upande, na kale kampira ka kutolea maji chini ya boksi la ea klina kakaziba. Masika ya tatu hii anapita. Hata PVC ingevumilia kidogo, ingawa joto la injini huilegeza na jua huipasua. Kilichoniuma ni kuuziwa pambo kwa bei ya kitu cha kweli.

Kabla hujamaliza kulipa, fungua boneti ulifuate bomba kwa mkono mpaka lifike kwenye ea klina. Kisha washa gari, ziba mdomo wa juu kwa kiganja au kibao. Injini inatakiwa ikabwe na izime ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, ujue inapata hewa kwingine, na maji yatapita hukohuko. Mimi kipimo hiki nimefundishwa injini ikiwa imeshafumuliwa mezani.

Namba yake sasa haipatikani. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, huyu kaichukua neno kwa neno. Nimeshachukua RB polisi, ile namba ya kuandikisha malalamiko. Nasikia picha zilezile zimeonekana upande wa Pangani, bei kashusha hadi 380,000, kwa hiyo wa huko kaeni macho. Kama naye kakufungia, niandikie pembeni, tuunganishe malalamiko yetu.

Rodi, gasketi, oili na ufundi: 1,850,000. Lile tundu la kwenye fenda bado lipo, nimelipiga kipande cha debe na riveti nne.