Miezi 7 na programu ya kupanga mafundi: fungu zuri, fungu bovu

Aliyenisukuma nitafute programu hii ni soja wa ghorofa moja Kileleshwa. Stima ilikuwa imepotea usiku na kurudi kwa kishindo, na kulipokucha wapangaji watatu wa jengo hilohilo wakanipigia simu, kila mmoja kwa wakati wake: friji haishiki baridi, friji imekufa kabisa, mashine ya kufua haiwaki. Mimi na daftari langu tukaandika kazi tatu. Fundi wa kwanza akafika saa nne, wa pili saa sita akitokea Donholm, wa tatu saa tisa na nusu. Kila mmoja akaacha kitambulisho getini, akaandikwa kitabuni, akasubiri mwenye nyumba apigiwe simu. Yule wa tatu soja akamwuliza, "Boss, kwani nyinyi ni kampuni moja ama mnashindana?" Fundi aliponisimulia alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya petroli.

Nina mafundi watano, pikipiki nne na Probox moja. Miaka sita nimepanga kazi kwa daftari na grupu ya WhatsApp. Sasa nina miezi saba na programu ya kulipia, shilingi 1,800 kwa kila fundi kwa mwezi. Jina naliacha, maana ninachoeleza hapa ni ile sehemu ya kufunga kazi zinazohusiana na kumpa fundi mmoja kwa mkupuo, na sehemu hiyo imo katika programu nyingi za aina hii. Mimi naiita fungu.

Ukinunua nyanya kwa mama mboga unajua fungu halipimwi kwa mizani, linapimwa kwa jicho lake. Programu haina jicho, ina mizani tu, na mizani yake ni umbali. Kwa hesabu hiyo inanishinda mbali sana, sikatai. Kazi 8 za siku moja zinaweza kufuatana kwa njia 40,320. Kichwa changu hujaribu nne hivi kisha huchoka. Yenyewe inanipa mpangilio kabla chai haijapoa, na mara nyingi ni mzuri kuliko wangu.

Lakini umbali wa Nairobi ni wa hila. Wiki ya kwanza ilifunga pamoja kazi za South C na za Lang'ata kwa sababu kwenye ramani zinakaribiana. Uwanja wa ndege wa Wilson uko katikati, na hakuna fundi wangu anayeruka. Ikafunga pia Muthaiga na Mathare, kana kwamba Thika Road ni uchochoro wa kuvuka ukikimbia. Kisha ikamhesabia fundi safari ya Mlolongo hadi Westlands kwa dakika chache za ajabu. Nilipochunguza nikakuta imempitisha Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, na pikipiki haziruhusiwi kule juu. Kuna mahali pa kuchagua chombo cha kila fundi, lakini pamefichwa ndani ya mipangilio na wao wanakuwekea gari bila kukuuliza. Ukianza, anzia hapo.

Baada ya kurekebisha hilo niligundua kwamba ujirani ndio uhusiano dhaifu kuliko yote. Kazi zinahusiana kwa mambo ambayo ramani haiyaoni. Zile tatu za Kileleshwa zilizaliwa na stima moja. Fundi angejua hivyo, angebeba bodi, rilei na gadi za friji za kutosha jengo zima, na angepita milango mingine kuuliza nani mwingine kaunguliwa. Siku hizi anayepokea simu ana swali la lazima: "Jirani yako naye yuko na shida?" Jibu likiwa ndiyo, naunda fungu kwa mkono na kuandika chanzo chake, na programu inaliheshimu.

Halafu kuna gesi ya kupozea. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R600a, nyingi za zamani R134a. Hazibadilishani. R600a inashika moto, inajazwa kidogo sana, mara nyingi haifiki gramu 100, kwa hiyo lazima mizani, na huwezi kuchomelea bomba kabla ya kuhakikisha gesi yote imetoka na dirisha liko wazi. Fundi aliyebeba mtungi wa gesi isiyo ya friji hiyo amekwenda kusalimia tu. Programu iliniruhusu kuongeza kisanduku cha aina ya gesi na kukitumia kufunga kazi. Mteja anaombwa apige picha ya kibandiko cha nyuma ya friji kabla hatujampa siku. Kisanduku hicho kimoja, ambacho hakuna tangazo lao linalokitaja, kimeniokolea safari nyingi za bure kuliko ile ramani yao ya rangi.

Na jengo moja lina faida nyingine nisiyoitegemea. Ukishaziba tundu la friji unavuta hewa kwa pampu nusu saa au zaidi kabla ya kujaza gesi, na muda huo fundi huwa amekaa anaangalia simu. Kukiwa na kazi ya pili ghorofa mbili juu, pampu inanguruma huku, yeye anafungua mashine ya kufua kule. Tatizo ni kwamba programu inajumlisha muda wa kazi mbili kana kwamba lazima moja iishe ndipo nyingine ianze, kwa hiyo nadanganya: ya pili naiandikia dakika kumi.

Sasa malalamiko. Nilikuwa na fungu la kazi nne Lang'ata, siku ya Alhamisi. Mteja mmoja akaomba asogezwe hadi Jumatatu. Nikaishika kazi yake kwenye skrini nikaivuta hadi Jumatatu, na fungu zima likaifuata, kimya kimya, bila hata kuniuliza kama nina uhakika. Fundi akaona Alhamisi yake tupu, akadhani nimempa mapumziko. Saa nne nikapigiwa simu na mama mmoja ambaye friza yake ilikuwa na mbuzi wawili wa ruracio, sherehe ya mahari, ya Jumamosi. "Dada, nyama inaanza kulia," akaniambia. Nilimpelekea fundi kwa Probox nikiwa nimeketi naye mbele, na pesa ya kazi hiyo sikuchukua.

Niliwaandikia wahudumu wao. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la adabu: fungu ni kitu kimoja, ukitaka kusogeza kazi moja ulifungue kwanza. Sawa, nimeelewa, lakini kitu kinachoweza kuwahamisha wateja watatu wasioomba kuhamishwa kinastahili angalau onyo. Tangu siku hiyo sifungi zaidi ya kazi tatu pamoja, na Lang'ata sigusi bila kuvuta pumzi.

Kuna pia kichekesho cha saa. Ujumbe wa kumjulisha mteja unaweza kuuandika kwa Kiswahili, nami nikaandika "Fundi atafika saa", kisha programu inajaza namba. Ikajaza 3:00 ikimaanisha alasiri. Mwalimu mmoja wa Buruburu akaomba ruhusa shuleni, akatusubiri nyumbani tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Sasa ujumbe unasema asubuhi, mchana au jioni, namba nimezitoa.

Mafundi wenyewe walinuna mwanzoni kwa sababu ya kufuatiliwa kwenye ramani. Nazima ufuatiliaji saa saba hadi saa nane, mtu ale chakula chake kwa amani. Namba za nyumba na maelekezo ya geti anayaona fundi mwenye kazi hiyo tu, na kazi ikiisha yanafungwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiwahusu mabenki peke yao.

Sehemu ninayoipenda bila lawama ni kazi ya kurudi. Leo fundi anapima, kesho tunatafuta spea mjini, keshokutwa anafunga. Zamani keshokutwa alikwenda yeyote aliye karibu, na mteja akaanza kusimulia ugonjwa wa friji upya kama aliye kliniki. Sasa ziara ya pili imeshonwa kwa ya kwanza: fundi yuleyule, picha zilezile, na haiwezi kupangiwa siku kabla sijabonyeza kwamba spea imefika.

Fundi aliyekuwa anamaliza kazi tatu kwa siku sasa anamaliza nne, tano zikiwa za jengo moja. Petroli imeshuka kutoka karibu 14,000 kwa wiki hadi kama 10,000, isipokuwa wiki za mvua kubwa, ambapo hakuna programu inayojua barabara gani imegeuka mto na narudi kwenye grupu ya WhatsApp kuwauliza mafundi wenyewe. Kwa ofisi ya fundi mmoja au wawili, daftari linatosha, pesa yako ibaki mfukoni. Mimi nimelipia hadi Disemba, naipa nyota tatu na nusu, na ile nusu ni ya kisanduku cha gesi.