Diamond Infinite Edge Pro ya mkono wa pili: upinde wa kapi unaotufaa Lubumbashi

Anayetafuta upinde wa kapi hapa Lubumbashi asianze na jina la kiwanda wala mbio za mshale. Aulize kwanza: nitaweza kuulinganisha na mwili wangu mwenyewe, bila fundi? Mjini sijaona mtu mwenye presi ya kubana mabawa ya upinde (zile sehemu za juu na chini zinazopinda), na baadhi ya pinde za aina hii huwezi kuzibadilishia kipimo bila presi. Ndiyo maana nilichagua Diamond Infinite Edge Pro, na mpaka leo naupenda.

Huu unarekebishwa kwa funguo ya pembe sita, ile ile tunayotumia garajini. Urefu wa mvuto, yaani umbali unaovuta ugwe, unaanzia inchi 13 hadi 31, nguvu yake paundi 5 hadi 70. Mimi nikinyoosha mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kingine ni sentimita 175. Gawa kwa 2.5, unapata 70, yaani inchi 27 na nusu hivi, na hapo ndipo nimeuweka. Nguvu nimeiacha kwenye paundi 60, karibu kilo 27. Ukishavuta hadi mwisho, kapi zinabeba asilimia 80 ya mzigo na mkono unabaki na kilo tano na kidogo. Kanga akijificha nyuma ya kichuguu, unaweza kumsubiri atokee bila mkono kutetemeka.

Muuzaji, kijana wa Kampemba anayeleta vitu kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, alinionyesha kwanza upinde mwingine, mpya zaidi kwa macho na wa bei ndogo. Nilitoa kipande cha pamba mfukoni nikakipitisha polepole juu ya mabawa, mbele, nyuma na pembeni. Karibu na ekseli ya chini, pale kapi inapozungukia, pamba ikanasa.

“Papa, hiyo ni rangi tu imekwaruzika.”

“Mdogo wangu, rangi haishiki pamba. Tazama.”

Nyuzi nyeupe zilikuwa zimesimama kwenye ufa mwembamba kama unywele. Ufa wa namna hiyo mara nyingi hutokana na mtu kufyatua upinde bila mshale: nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale inarudi kwenye mabawa na kapi. Bawa lenye ufa linaweza kupasuka ukiwa umevuta hadi shavuni. Upinde kama huo usiununue hata kwa dola 20.

Kwenye Diamond pamba iliteleza mpaka mwisho. Kisha nilifumba jicho moja nikatazama kwa kufuata ugwe, juu hadi chini, kuona kama kapi zimepinda. Nikapitisha ukucha kwenye mfereji wa kila kapi, maana pengo dogo la chuma linakata ugwe taratibu. Ugwe wenyewe ulikuwa mkavu, umeanza kutoa vinyuzi, lakini hakuna uzi uliokatika, nta ilitosha. Ugwe uliokatika nyuzi ni sababu ya kuondoka, kwa sababu kuubadilisha ndiko kunakodai presi. Kasoro pekee ilikuwa kidude cha kulengea, kimevunjika alama mbili. Hiyo ilishusha bei.

Porini umbo lake linasaidia sana. Kutoka ekseli hadi ekseli ni inchi 31, sentimita 79 tu, na uzito hauzidi kilo moja na nusu bila vifaa. Kwenye miombo yenye vichaka, njia ya Kasenga, unapita bila kugonga kila tawi. Ila usiitegemee ile mbio ya futi 310 kwa sekunde inayotangazwa: hiyo hupimwa kwa paundi 70, inchi 30 na mshale mwepesi. Kwa kipimo changu ni pungufu, na sipigi mnyama aliye mbali zaidi ya mita 25.

Mishale usibane matumizi. Kanuni ni angalau grein 5 kwa kila paundi ya upinde, kwa hiyo paundi 60 zinataka mshale wa grein 300, gramu 19 hivi, au zaidi. Mwepesi kuliko hapo unaumiza upinde karibu sawa na kufyatua bila mshale. Chembe, yaani ncha za mishale, za wahunzi wetu zina makali mazuri, lakini pima kila moja kwenye mizani ya kupimia dhahabu; zikitofautiana, mishale haitafika mahali pamoja. Mshale wa kaboni ukunje kidogo kabla ya kuupiga tena na usikilize. Ukilia, uvunje uutupe, usije ukakupasukia mkononi.

Mwezi wa kumi usiache upinde ndani ya gari lililofungwa; joto linalegeza ugwe na kuharibu mabawa. Na kibali cha kuwinda ni lazima, sheria ya uwindaji ya 1982 inasema hivyo. Kundelungu na Upemba ni hifadhi za taifa, huko haiwindwi.

Kijana alianza na dola 300, tukakubaliana 240 pamoja na podo na mishale sita. Kwa bei hiyo ningeuchukua tena kesho. Akishikilia 300 na kidude cha kulengea kimevunjika, mwache, ungoje mzigo mwingine upite mpakani.