Fundi dishi wa Mbagala Rangi Tatu: nyota nne kati ya tano

Nina banda la kuonyesha mpira, kwa hiyo dishi kwangu si pambo la bati. Ligi Kuu yetu naipata Azam, ya Uingereza DStv, na mtu aliyeshalipa kiingilio hataki kusikia habari za signali. Fundi wangu wa awali alikuwa analitikisa dishi mpaka picha itokee, anashuka, anadai chake. Upepo ukipiga tu, skrini imeganda.

Huyu wa sasa alipanda na dira, pimamaji na kipima signali. Alianza kuinyoosha nguzo, akakaa nayo hadi nikachoka kumtazama. Akasema nguzo ikiinama nyuzi moja, kule juu dishi linakosea kwa zaidi ya kilomita 600, kwa sababu setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. La DStv akalilaza sana: setilaiti yake iko nyuzi 36 Mashariki, sawa na juu ya Baringo kule Kenya, kwa hiyo kutokea Dar iko karibu na utosi. La Azam akalisimamisha zaidi, likatazama magharibi, maana setilaiti yake iko nyuzi 7 Mashariki, juu ya bahari jirani na São Tomé.

Nikamuuliza, sasa fundi, kitu hakina nguzo wala kamba, mbona hakidondoki? Akafunga nati kwenye kipande cha waya, akaizungusha, kisha akaachia. Nati ikaenda zake moja kwa moja hadi ukutani kwa jirani.

"Waya ndio mvutano wa dunia, mzee. Setilaiti inadondoka muda wote, ila inakimbia upande."

Inakimbia kama kilomita 3 kwa sekunde, na katika sekunde hiyo inadondoka sentimita 11 tu, kiasi kinachotosha kuipinda njia yake iwe duara. Ikiwa chini zaidi, mvutano ni mkali, lazima ikimbie zaidi. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu, kinamaliza mzunguko kwa kama dakika 90. Dishi la kukifuata lingehitaji mota. Huku kwenye 35,786 mzunguko mmoja ni saa 23 na dakika 56, sawasawa na dunia inavyojizungusha, ndiyo maana dishi ukishalikaza umelikaza. Nilimpa kijana wangu wa kidato cha sita hesabu hizo, zikatoka vilevile.

Jambo lingine alilonitajia, ambalo wengine wanalitumia kutuchuna: siku chache za Machi na Septemba jua linapita nyuma ya setilaiti, na picha inakatika kwa dakika kadhaa. Ya Azam hapa Dar ni karibu saa tisa alasiri. Usiite fundi, kunywa maji, itarudi. Mvua kubwa nayo inakata, na hapo hakuna spana itakayosaidia.

Nyota moja nimeibana kwa sababu aliahidi asubuhi akaja jioni, na waya wa ndani aliuacha unaning'inia juu ya mabenchi, nimeubana mwenyewe kwa misumari. Ufundi ni shilingi 50,000 kwa madishi mawili, waya unanunua wewe. Punguzo hatoi, usijisumbue.