TAHADHARI: Ampu za Japani zenye lebo ya kubandika, Kariakoo

Ndugu zangu wapenda muziki, kama unatafuta ampu (amplifaya, mashine ya kukuza sauti) ya mtumba kutoka Japani ya kuendeshea spika nzuri za nyumbani, soma hii kabla hujatuma hela. Mimi nimeshapigwa, na spika yangu moja ya KEF LS50 imeungua.

Spika hizo nilizipata kwa kujinyima miaka miwili. Ukiziona ni ndogo, lakini zinadai nguvu. Ukizipa wati moja zinatoa sauti ya desibeli 85 tu ukiwa mita moja, na ingawa zimeandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kuna sehemu za muziki ambapo zinashuka hadi omu 3.2. Ampu ikifika hapo inalazimika kutoa mkondo wa umeme mara mbili na nusu ya ule wa omu 8. Isiyo na uwezo huo inaelemewa. Nilimweleza muuzaji haya yote WhatsApp. Akanijibu: "Kaka, hiyo mashine inabeba spika yoyote. Wati 200 kila upande, omu 4 haina shida." Nilipofika dukani, kweli, nyuma kulikuwa na kibandiko cha rangi ya fedha kimeandikwa hivyohivyo.

Akanipigia muziki. Ukumbi mzima ukatetemeka, nami nikalipa. Kumbe aliiunganisha na spika kubwa za baa, zile zenye honi, ambazo nyuma zimeandikwa desibeli 97. Hapo ndipo mtego ulipo. Kila desibeli 3 zinazopungua, unahitaji wati mara mbili ili sauti ibaki ileile. Kati ya 97 na 85 kuna 12, maana yake spika zangu zinahitaji wati 16 pale ambapo zake zinatosheka na wati moja. Kwa spika zile hata ampu ya wati 10 ingekuonyesha maajabu. Kwa hiyo usikubali kusikilizishwa kwa spika za dukani. Beba zako, hata kama ni bodaboda mbili.

Nyumbani ilidumu siku tisa. Ikawa inachemka hadi huwezi kuweka kiganja juu yake, na sauti ya mwimbaji ikaanza kukwaruza kila nikiongeza kidogo. Siku ya tisa jioni wufa (spika ya besi) ya kushoto ilichomoza mbele ghafla ikaganda hapohapo, harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Nilichomoa waya nikiwa nimechelewa.

Fundi wangu alipochubua kile kibandiko kwa ukucha, chini yake ikatoka lebo yenyewe ya kiwandani: volti 100, wati 40, omu 6 hadi 16. Transfoma niliyopewa ni ya kushusha umeme wetu hadi volti 110, tayari zimepita 100 za ampu, nayo huzidi zaidi umeme wa mtaani ukipanda. Lakini kilichoniuma kuliko vyote kilikuwa ndani. Ile rilei inayokata spika ampu inapoharibika ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya kilichochomelewa. Transista ilipokufa, umeme wa DC, kama wa betri, ukaingia kwenye koili ya spika bila kizuizi chochote. Aliyechomelea waya ule alijua anachofanya.

Ukienda kununua, papasa lebo ya nyuma kwa kidole. Ya kiwandani mara nyingi imechapwa kwenye bati lenyewe. Ukiiwasha, sikiliza "tak" ya rilei baada ya sekunde chache. Ampu nyingi za Japani za aina hii zinayo, na ukimya ni dalili mbaya. Beba pia mita: kabla ya kuunga spika, sauti ikiwa chini kabisa, pima volti za DC kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama, ikizidi 100 iache. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Nilirudi dukani na ampu pamoja na lebo. Nikaambiwa "mali ya mtumba haina garantii", na risiti yangu imeandikwa "redio" tu, bila modeli wala namba. Namba niliyokuwa nachati nayo sasa haipatikani. Picha za lebo zote mbili ninazo, pamoja na ule waya. Kama umeuziwa ampu yenye kibandiko cha fedha cha wati 200, tafadhali izime leo na uchomoe spika zako kwanza.